Vitabu ninavyowapelekea watoto vinaishia kwenye kabati la vyombo

Habari za kazi, Dawati la Vitabu,

Mimi ni mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, na kila Desemba napanda basi kwenda Moshi kuhesabiwa kama Wachaga wenzangu. Kaka yangu ana watoto wanne: mdogo ana miaka miwili na nusu, anayemfuata ni wa kike ana miaka 7, kuna wa kiume wa miaka 12, na binti wa miaka 16 aliyeko Kidato cha Tatu. Nguo na biskuti niliacha kupeleka, siku hizi napeleka vitabu.

Krismasi iliyopita nilinunua vinne vya Kiingereza, vya jalada gumu, picha za kung'aa. Pasaka nilipopita nikavikuta vyote kwenye kabati la vyombo la bibi yao, nyuma ya birika la wageni, safi kama nilivyovileta. Mama yao anasema wataviharibu. Huyu wa miaka 12 yeye aliniambia usoni kwamba si mtu wa kusoma, ni mtu wa mpira. Wa miaka 7 anasoma shule ya Kiingereza lakini nyumbani ni Kiswahili tu, na Kichaga akiwa na bibi, kwa hiyo hata sijui nimnunulie cha lugha gani. Na nikitoa kitabu kinene kwa mmoja na chembamba kwa mwingine, ni vita.

Wakubwa nao wana mambo yao. Rafiki yangu wa tangu sekondari, biashara yake ya vitenge iliyumba, mikopo ikamzidi. Kwenye siku yake ya kuzaliwa nikampa kitabu cha jinsi ya kutoka kwenye madeni. Alishukuru, ila tangu siku hiyo anapokea simu zangu kwa adabu mno, kama anaongea na mkwe. Halafu kuna baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, anatimiza miaka 70 Desemba hii. Mwalimu wa Kiswahili utampa kitabu gani ambacho hajakifundisha? Na macho siku hizi yanamsumbua.

Nina shilingi 150,000 kwa wote sita. Nisaidieni kabla sijarudia biskuti.

Shangazi wa Wanne, Tabata


Shangazi wa Wanne,

Tuanze na kabati, maana hata ukinunua vitabu bora kuliko vyote, kabati likiwa palepale vitaingia humo humo. Shemeji yako hana kosa. Jalada gumu, picha za kung'aa na kibandiko cha bei kilichobaki nyuma vinamwambia kuwa hiki ni kitu cha thamani, na vitu vya thamani hukaa na vikombe vya wageni. Mtoto mwenyewe ameshaonywa mara tatu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Mwaka huu nunua vitabu ambavyo mtu mzima hataona uchungu vikichanika: jalada laini, bei ya kawaida. Kila kimoja kivike kava la nailoni kama wanavyovika madaftari ya shule, na ndani andika jina la mtoto, moja tu, si "kwa watoto wote". Kitabu cha wote ni kitabu cha mama, na kitabu cha mama kinarudi kabatini.

Kibandiko cha bei kitoe kwa joto. Kipulizie drai ya nywele sekunde chache, kikilainika kinyanyue kuanzia pembeni. Ukikivuta kikiwa kikavu kinaondoka na rangi ya jalada. Halafu ukifika Moshi, vikabidhi mbele ya mama na bibi, useme kwa sauti ya kusikika kuwa ni vya kutumia, na kikichanika selotepu unaiacha hapa. Iache kweli.

Kabla ya kwenda dukani, piga simu Moshi. Usiulize "wanapenda vitabu gani", utajibiwa "vyovyote tu, shangazi". Uliza ni hadithi gani mdogo anaomba irudiwe. Uliza wa miaka 12 anasoma nini bila kutumwa, hata kama ni majina mgongoni mwa jezi. Uliza jioni taa iko wapi na nani anakaa karibu nayo. Muulize binti, yeye mwenyewe na si mama yake, ni vitabu gani vya fasihi amepewa shuleni, ili usimnunulie kimojawapo. Na mwombe shemeji amrekodi wa miaka 7 akisoma nusu ukurasa wa kitabu chake cha shule, akutumie sauti kwa WhatsApp. Dakika moja inatosha, na zawadi haijafichuka.

Sasa mmoja mmoja, kuanzia chini.

Wa miaka miwili na nusu anahitaji kurasa za kadibodi, pembe za mviringo, na picha moja kubwa kwa ukurasa yenye kitu anachokijua: kuku, ndoo, bodaboda, mgomba. Vitabu vya namna hiyo kwa Kiswahili ni vichache madukani, kwa hiyo huenda ukaishia kwenye vile vyembamba vyenye pini mbili za stepla katikati. Kwa mtoto mkubwa hakuna neno. Kwa huyu anayetafuna kila kitu, pini ndiyo hatari: karatasi ikishachanika, pini inabaki imesimama wima. Kishone upya, ni kazi ya dakika kumi.

Fungua ukurasa wa katikati, nyanyua miguu ya pini kwa ncha ya kisu butu, zitoe. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, moja sentimita 3 kutoka juu, moja sentimita 3 kutoka chini. Chukua uzi mnene wa pamba wenye urefu wa mara mbili na nusu ya mgongo wa kitabu. Pitisha sindano tundu la katikati, kutoka ndani kwenda nje, ukiacha mkia wa sentimita 8 ndani. Kwa nje panda hadi tundu la juu, ingia. Kwa ndani shuka moja kwa moja hadi tundu la chini ukiliruka la katikati, toka. Kwa nje panda tena, ingia tundu la katikati. Ncha mbili sasa ziko ndani. Hakikisha moja iko kulia na nyingine kushoto ya ule uzi mrefu, kisha zifunge fundo mara mbili juu yake. Zikiwa upande mmoja fundo halishiki kitu, uzi utalegea ndani ya wiki.

Ushonaji huu utakufaa kwa jambo jingine. African Storybook, mradi wa Saide ya Afrika Kusini, una hadithi nyingi za picha mtandaoni, za Kiswahili zikiwemo, na leseni yake inaruhusu kupakua na kuchapisha bure. Bajeti ikibana, chapa moja kwa rangi kwenye duka la steshenari, ikunje, ishone, ivike kava. Mwambie wa steshenari aipange kwa mpangilio wa kijitabu na achape pande zote mbili, la sivyo kurasa zitakaa shaghalabaghala ukishakunja.

Huyu wa miaka 7 ndiye wa kufikiriwa zaidi, na jibu fupi la swali lako la lugha ni Kiswahili. Kiingereza anakipata shuleni kutwa. Isikilize ile sauti. Kama anasoma Kiingereza neno kwa neno bila kusimama, Kiswahili kitamjia ndani ya wiki chache, kwa sababu kinaandikwa kinavyotamkwa. Mwanzoni atakwama kwenye irabu, atasoma "e" kama "i" na "i" kama "ai", na atababaika kwenye ng', ny na mb mwanzoni mwa neno. Bibi anaweza kumrekebisha hapo bila kuwa mwalimu. Kama bado anaunga herufi moja moja, mnunulie kitabu cha silabi fupi, cha aina ile wanayoanzia darasa la kwanza kwenye masomo ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Kosa linalofanyika sana dukani ni kuhesabu maneno kwenye ukurasa kama inavyoshauriwa kwa vitabu vya Kiingereza. Kwetu neno moja hubeba sentensi nzima. Angalia hizi mbili:

Paka amelala juu ya mkeka.

Alipowakaribia wakamkimbilia.

Ya kwanza ina maneno matano, na mtoto wa miaka 7 anaipita. Ya pili ina mawili tu, lakini ni silabi 15, na katikati ya neno la kwanza ameshasahau alianzia wapi. Kwa hiyo fungua kitabu katikati, si mwanzoni ambako waandishi huwa wapole, uangalie urefu wa maneno. Ukikuta kila mstari una neno la silabi sita au zaidi, hicho ni kitabu cha kusomewa, si cha kujisomea. Vyote viwili ni halali, ila ukimpa cha kusomewa ukidhani atajisomea, anakifunga ukurasa wa tatu na kujiona hawezi.

Ile kanuni ya vidole vitano, ya kuinua kidole kwa kila neno lililomshinda na vikifika vitano kitabu ni kigumu kwake, hufanya kazi kwenye ukurasa wenye maneno mengi. Kwenye ukurasa wa maneno kumi haifai, vidole vitano tayari ni nusu ya ukurasa. Tumia hii: katika kila maneno 20, akikwama neno moja kitabu kinamfaa peke yake, akikwama mawili kinamfaa akiwa na mtu pembeni, zaidi ya hapo asomewe. Mnunulie viwili vyembamba, kimoja cha kujisomea na kimoja cha bibi au binti mkubwa kumsomea. Chagua ambacho maandishi hayajachapwa juu ya picha, kwa sababu herufi nyeusi juu ya majani ya kijani hata mtu mzima zinamchosha. Kuna wachapishaji wanaolipenda sana pambo hilo, sijui kwa nini.

Na hapa vita ya kinene na chembamba inaisha yenyewe. Watoto hupima zawadi kwa unene na kwa idadi. Vyembamba viwili mkononi vinashindana vizuri na kinene kimoja cha kaka.

Kwa wa miaka 12, usibishane naye kwamba yeye ni msomaji. Mtu anayejua msimamo wa ligi, nani alihamia wapi na kwa bei gani, anasoma. Asichokipenda ni aya ndefu zisizo na mwisho. Kipimo cha kitabu chake ni hiki: kifungue popote, uone kama ndani ya dakika moja umepata kitu kizima cha kusoma na kukimaliza. Vitabu vya vitendawili vinapita mtihani huo, atlasi yenye bendera inapita, katuni zinapita. Hekaya za Abunuwasi zinapita kwa alama za juu, kwani kila hekaya ni fupi, ina ujanja, na mwisho kuna mtu anaumbuka. Akishasoma moja atawasimulia wengine, na hapo ndipo kitabu kinapohama kutoka zawadi kuwa mali yake. Ziko nakala za wachapishaji tofauti. Chukua yenye herufi kubwa na michoro, upitie hekaya mbili tatu kabla ya kulipa.

Usimpe riwaya kama kitabu cha kwanza. Ikiwa Abunuwasi ameshika, Pasaka mpelekee Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, ambayo inamzungusha msomaji ndani ya Tanzania, na mtoto wa Moshi atapata mahali pa kujishikiza. Kwa sasa Abunuwasi na daftari moja gumu la kuandikia matokeo ya mechi zake vinatosha. Ukimpigia simu, usimuulize amefika ukurasa wa ngapi. Muulize ni hekaya gani bibi hajaisikia.

Binti wa miaka 16 ana mtego wake. Vitabu vingi vya Kiswahili vinavyojaa madukani vimejaa kwa sababu viko kwenye mtihani. Ukimpa Watoto wa Mama N'tilie ukiwa na nia njema kabisa, umempa maswali ya dhamira na wahusika. Ndiyo maana tulikuambia uulize orodha yake kwanza. Njia nzuri ni kuvuka mpaka. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, ilifundishwa miaka mingi Kenya, na wanafunzi wa huko walikuwa na uchovu nayo, lakini kwa binti wa Moshi ni hadithi mpya: kijana aliyezaliwa Tanga, mama yake mwimbaji wa taarabu, anavuka kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Lugha ni tamu, mwendo ni wa haraka.

Wapo watakaokushauri Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ni riwaya kubwa, ya 1971, na inamhusu msichana wa umri huohuo. Lakini iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kabla ya kurudi na kuwa kitabu cha kiada, na sababu ni jinsi inavyozungumza waziwazi kuhusu wasichana, wanaume na mimba. Hatusemi asipewe. Tunasema isome wewe kwanza, na umwambie mama yake kabla hajaifungua yeye, vinginevyo itaungana na birika la wageni.

Kama hakuna kati ya hivyo kinachokutuliza, mtengee fedha yake, ukifika mpeleke Moshi mjini akachague mwenyewe. Mpe kiasi, mwambie hutasema neno juu ya atakachochukua, na usiseme. Miaka 16 ni umri wa kuchaguliwa vitu na kila mtu. Kuachiwa kuchagua ni zawadi tosha.

Baba mdogo. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, kwa hiyo huyu ameondoka darasani miaka kumi hivi iliyopita. Usishindane naye kwenye vitabu vya kabla ya hapo, kwa Shaaban Robert na Kezilahabi atakukosoa wewe. Tafuta kilichotoka baada ya yeye kuweka chaki chini. Cha kwanza tungempa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi 2021. Kwa Kiingereza ilitoka 1994 kwa jina la Paradise. Tafsiri ya Kiswahili, ya Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota 2022. Mwalimu wa Kiswahili atakisoma mara mbili, mara ya kwanza hadithi na mara ya pili tafsiri, akiwa na penseli ya kusahihisha. Mwekee hiyo penseli ndani ya bahasha. Njia nyingine ni kumwuliza muuzaji vitabu vilivyoshinda Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kuhusu macho, usiamini kusoma kwako dukani chini ya taa nyeupe. Beba rula. Hesabu mistari ya maandishi ndani ya sentimita 10. Ikiwa mistari 20 au pungufu, herufi na nafasi zinamtosha mzee mwenye miwani. Ikifika 24 na kuendelea, ni ya kubana, ataishia kukisifia bila kukisoma. Nyanyua pia ukurasa mmoja dhidi ya mwanga: maandishi ya upande wa pili yakionekana kama kivuli kizito, karatasi ni nyepesi mno kwake. Karatasi ya rangi ya maziwa haimulikiki kama nyeupe pe. Kitabu unachokitaka kikifeli kwenye rula na huna kingine, ongezea taa ndogo ya mezani ya kuchaji, na zawadi imekamilika.

Ununuzi wenyewe fanya Novemba. Kuanzia katikati ya Desemba maduka mengi yanasogeza hadithi nyuma kupisha vitabu vya kiada na madaftari ya Januari, na muuzaji aliyezongwa na orodha za shule hana muda wa kukutafutia. Siku Njema huenda ikabidi iagizwe kutoka Kenya, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuulizia kwanza. Dar anza na duka la TPH (Tanzania Publishing House), Mtaa wa Samora, na duka la Soma, Mikocheni. Piga simu wakuwekee kabla hujapanda daladala.

Ukinunua kwenye meza za barabarani, kagua. Kuna nakala halali za mtumba hapo, tena nzuri, na kuna zilizodurufiwa kwa mashine. Iliyodurufiwa herufi zake zina ukungu pembeni, michoro imegeuka madoa meusi, na ukikikunjua kitabu katikati gundi inalia na kurasa zinaanza kuachia. Angalia namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, sehemu mbili, nyuma ya jalada na kwenye ukurasa wa haki za mchapishaji: lazima zifanane. Tangu 2007 zina tarakimu 13, na baada ya 978 za Tanzania hufuatiwa na 9976, 9987 au 9912, za Kenya mara nyingi 9966. Kitabu kinachodai kimechapishwa Dar miaka ya karibuni na namba yake haina hayo, kitilie shaka. Mwandishi hapati hata senti kwenye nakala hizo, na wewe utakuwa umepeleka Moshi kitabu cha kurasa 180 ambacho ukurasa wa 96 haupo. Hilo la kurasa kukosekana hutokea hata kwa nakala halali, kwa hiyo kila kitabu kipitishe kidole ukisoma namba za kurasa, ukiangalia pia kama kuna fungu lililofungwa kichwa chini. Risiti itunze hadi Januari, na maneno ya zawadi yaandike kwenye kadi, si ndani, mpaka uhakikishe hakibadilishwi. Kwa majina ya watoto tumia kalamu ya kawaida ya wino mzito. Wino wa maji unapenya karatasi nyembamba na kutokea upande wa pili.

Fedha igawe hivi, ukisogeza kidogo kulingana na bei utakazokuta: 20,000 kwa mdogo, 25,000 kwa viwili vya wa miaka 7, 20,000 kwa wa miaka 12 na daftari lake, 30,000 kwa binti, 30,000 kwa baba mdogo, 20,000 kwa rafiki, na 5,000 ya kava, uzi na selotepu. Hiyo taa ya mezani ikihitajika, iombe kwa kaka yako.

Tumemwacha rafiki mwishoni kwa sababu kwake tatizo halikuwa uchaguzi mbaya wa kitabu. Huenda kile kitabu cha madeni ni kizuri. Tatizo ni kwamba kitabu cha zawadi husomwa jalada kwanza, na husomwa na kila anayepita sebuleni. Vitabu vya madeni, unene, ndoa, ulevi na malezi ya watoto watukutu mtu hujinunulia mwenyewe, au huombwa. Kabla ya kumpa mtu mzima kitabu chochote, fikiria shemeji yake akisoma jina la kitabu hicho kwa sauti mbele ya wageni. Kama jina hilo linatoa siri, kirudishe.

Na usimtafutie kitabu cha kukifutia kile cha kwanza. Usimpe Peponi pia, ingawa utakuwa unakishika mkononi kwa ajili ya baba mdogo: Yusuf, kijana wa hadithi hiyo, anachukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake. Haya ndiyo mambo ambayo maelezo ya nyuma ya jalada hukuonya, ukiyasoma yote. Mpe kitu cha raha tupu, kinachotokana na alichokuwa akikipenda mlipokuwa sekondari. Kama alikuwa wa kubahatisha muuaji kabla ya mwisho, mtafutie hadithi za upelelezi za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, ukianza na Mzimu wa Watu wa Kale. Kama ni wa taarabu, Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert ni kitabu chembamba, cha mwanamke wa Fumba aliyeanza kwa kuuza vyungu mpaka akaenda Bombay kurekodiwa sauti. Biashara imo, ila haimsemi mtu.

Soma sura ya kwanza mwenyewe kabla ya kukifunga. Mpelekee Novemba, siku isiyo na sababu, kabla hujasafiri, na kwenye kadi andika ni ukurasa gani uliokuchekesha au uliokuvutia. Kile cha madeni usikitaje, na usimuulize kama alikisoma.

Dawati la Vitabu